Soko la Charizard

Mwaka 1999 swali la kwanza alilokutana nalo mtoto mgeni katika shule za Jersey City lilikuwa, "Una Charizard?" Jibu karibu kila mara lilikuwa hapana. Mwenye nayo hakungoja kuulizwa. Alikuwa ameshaitoa mfukoni.

Sisi tulifika Agosti mwaka huo, Mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukimfuata Baba aliyetangulia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimetoka Mombasa na Kiingereza ambacho walimu walikisifu na wanafunzi walikicheka. Jersey City iko jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, ikitazamana na Manhattan, na Wakenya walikuwa wamekwisha kujipatia pembe yao pale. Nyumba yetu haikuwa mbali na Journal Square. Ukishika Newark Avenue unapita katikati ya maduka ya Wahindi, harufu ya bizari na udi mpaka barabarani, na Mama siku ya kwanza alivuta pumzi akasema, "Basi huku tutakaa." Darasani kulikuwa na Wagujarati, Wamisri, Wafilipino, Wadominika na Wamarekani weusi. Kila mtoto alikuwa na lugha ya kwao. Uani, wakati wa mapumziko, sote tulizungumza kadi.

Kadi zenyewe hazikuwa na umri mrefu. Mchezo wa Pokémon wa Game Boy ulitoka Japani Februari 1996, na kadi zikafuata Oktoba mwaka huohuo. Marekani zilifika Januari 1999, zikitolewa kwa Kiingereza na Wizards of the Coast, kampuni ya jimbo la Washington iliyokuwa imeshajijengea jina kwa mchezo wa Magic: The Gathering. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na kadi 102. Juni ukaja wa pili, Jungle, na Oktoba wa tatu, Fossil. Kufikia Novemba jarida la Time lilikuwa limeiweka Pokémon kwenye jalada, filamu imeingia majumba ya sinema, na Burger King walikuwa wakiuza kadi sita zilizopakwa dhahabu, moja yao ikiwa ya Charizard.

Kadi ya Charizard iliyotutoa roho ilikuwa ile ya mfululizo wa kwanza, namba 4 kati ya 102. Mchoraji wake ni Mitsuhiro Arita, ambaye pia alimchora Pikachu wa mfululizo huo. Pembizo zake ni za manjano kama za kadi nyingine zote, ila mwili wa kadi ni mwekundu wa moto. Ndani ya fremu joka la rangi ya chungwa limetanua mbawa na kupanua kinywa, moto ukilitoka. Ukiigeuzageuza kadi kwenye mwanga, nyota ndogondogo zinawaka nyuma ya joka huku lenyewe likibaki halina mng'ao, na kwa sababu hiyo linaonekana limesimama mbele kidogo ya karatasi. Juu kushoto kuna kijipicha cha Charmeleon, kiumbe ambacho Charizard hukua kutoka kwake. Juu kulia imeandikwa 120, uhai wake, na katika mfululizo ule hakuna kiumbe aliyemzidi. Shambulizi lake linaondoa uhai 100 kwa pigo moja, na hapo pia hakuna aliyemzidi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna maelezo kwamba moto wake huyeyusha majabali na kwamba huweza kuchoma misitu bila kukusudia. Mdogo wangu alikuwa akinisomesha maneno hayo kila usiku mpaka tukayahifadhi.

Njia ya kawaida ya kuipata ilikuwa kununua pakiti. Duka la kona mtaani kwetu, la Mdominika mmoja mwenye paka, lilikuwa likizipanga nyuma ya kaunta, baina ya sigara na tiketi za bahati nasibu za kukwangua. Pakiti moja ilikuwa na kadi 11: saba za kawaida, tatu za wastani, na moja adimu. Takriban pakiti moja kati ya tatu ndiyo iliyokuwa na adimu ya kung'aa, na za kung'aa zilizowekwa kwenye pakiti zilikuwa za aina 15. Fanya hesabu. Ukichukulia kwamba zote 15 zina nafasi sawa, mtu angehitaji pakiti kama 45 ili ategemee Charizard mmoja. Kwa dola tatu tu kwa pakiti, na bei ya duka ilizidi hapo, ni dola 135. Kima cha chini cha mshahara wa Marekani wakati huo kilikuwa dola 5.15 kwa saa. Mama, aliyekuwa akifanya kazi za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, alizipiga hesabu hizo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme na kututajia jibu: zaidi ya saa 26 za kuwageuza wazee kitandani.

Lakini si bei iliyomfanya akatae. Tulipomweleza pakiti inavyonunuliwa, aliuliza swali moja tu.

"Muuzaji anajua kilichomo ndani?"

"Hajui, Mama."

"Na wewe hujui."

"Sijui."

"Basi hapo mnauziana nini? Samaki aliye majini hauzwi. Mmesoma madrasa au mlikwenda kusinzia?"

Tulisoma. Masharti ya biashara tuliyofundishwa Mombasa ni kwamba kitu kijulikane na bei ijulikane, na samaki ambaye bado anaogelea ndiye mfano ambao mwalimu hakuchoka kuutoa. Kwa hiyo pakiti zikawa haramu nyumbani kwetu. Nilidhani ni ushamba wetu. Kumbe Septemba hiyohiyo wazazi wa San Diego, California, walikuwa wamefungua kesi dhidi ya kampuni zilizohusika na kadi hizi wakidai jambo lilelile: kwamba kumuuzia mtoto pakiti iliyofungwa, ndani yake mkiwa na kadi chache zenye thamani kubwa, ni kumchezesha kamari. Mama aliposikia habari hiyo kwenye televisheni alitikisa kichwa kana kwamba anawapongeza wanafunzi wake.

Uzuri wa mtu mwenye kanuni ni kwamba kanuni inaweza kufunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Pakiti zilikuwa zimefungwa, lakini kulikuwa na masanduku ya kadi zilizopangwa tayari kwa mchezo, na kilichomo kilikuwa kinajulikana. Sanduku la wachezaji wawili lilikuwa na Machamp wa kung'aa kila mara. Seti ya kadi 60 iitwayo Brushfire, iliyojaa viumbe wa moto, ilikuwa na Ninetales wa kung'aa kila mara. Baba alituletea sanduku la kwanza tulipomaliza mwezi wa kwanza shuleni, na Brushfire ikaja Idd ya Januari 2000. Mama alisoma maandishi ya nje yote kabla ya kuturuhusu tufungue. Kuhusu kubadilishana, fatwa yake ilikuwa wazi: "Unaona chake, anaona chako, mmeridhiana. Hiyo ni biashara. Ila usimdhulumu mtoto wa watu."

Tatizo la Machamp ni kwamba kila mtoto alikuwa naye. Sanduku lilikuwa moja kwa wote, basi uani hakuwa na thamani ya maji. Ndivyo nilivyoingia sokoni, mikono mitupu.

Soko lenyewe lilikuwa pembeni mwa uwanja wa mpira wa kikapu, penye ukuta uliozuia upepo. Watoto walikaa chini wakiwa wamefungua mafaili yenye kurasa za plastiki, mifuko tisa kila ukurasa, na wengine wakisimama nyuma yao kutazama. Wengi walibadilishana kwa mtindo wa nipe nikupe: anataja anachotaka, anataja anachotoa, ukikataa anaondoka. Wachache ndio waliojua kupatana bei. Kulikuwa na mvulana wa Kigujarati ambaye baba yake alikuwa na duka la vyombo, na msichana wa Kimisri aliyeapa kwa Mungu kwamba anakupa kwa hasara. Tulijuana mara moja.

Mimi nilikuwa mjukuu wa muuza nyanya wa soko la Kongowea, Mombasa. Siku za likizo nilikuwa nikikaa na Bibi nyuma ya mafungu yake, na mambo aliyonifunza hayakuhitaji kubadilishwa sana. Usikitazame unachokitaka, uliza kwanza bei ya kilicho kando yake. Akikutajia bei, nyamaza, maana mtu hawezi kustahimili kimya na atapunguza mwenyewe. Ikishindikana geuka uondoke, lakini uende polepole. Na mkikubaliana, usiondoke bila nyongeza. Wenzangu hawakuwahi kusikia habari ya nyongeza. Nilipomaliza kubadilishana Ponyta kwa Pikachu na kunyoosha mkono nikisema, "Sasa niongeze kimoja," mvulana wa Kifilipino alinitazama kama aliyeibiwa, kisha akacheka akanipa. Kufikia Krismasi uani kote watu walikuwa wakiongezana.

Walinipa nyongeza gani? Kadi walizodharau. Katika kila pakiti kuna kadi zisizo na kiumbe: hizi ni za msaada, zinazomruhusu mchezaji kuvuta kadi zaidi, kumtoa kiumbe wa mpinzani aliyejificha nyuma, au kumvua adui nishati aliyoikusanya. Hazing'ai, hazina meno wala mbawa, na kwa kuwa uani hakuna aliyekuwa akicheza mchezo wenyewe, zilikanyagwa. Nilizikusanya kwa sababu zilikuwa za bure. Sikujua kazi yake mpaka Jumamosi moja Baba alipotupeleka Toys "R" Us.

Duka hilo la vifaa vya watoto lilikuwa na ligi ya Jumamosi asubuhi. Watoto walipanga meza ndefu na kucheza kwa kanuni, wengi wao wakubwa kuliko mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na masoko mawili na kwamba hayajuani. Mvulana mmoja aliyekuwa na Dragonite wa kung'aa alikuwa akiwauliza watu wote kama wana kadi ya kuondoa nishati, ile isiyo na picha ya kiumbe, maana kanuni iliruhusu nne katika seti na yeye alikuwa na moja. Mimi nilikuwa nazo nyumbani kwenye kopo la biskuti, zimefungwa mpira.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kopo. Yule mvulana alizipanga mezani, akazihesabu, akanitazama akidhani namchezea. Akanitolea Dragonite bila kubishana. Nikamdai nyongeza, akanipa Gyarados. Nadhani angenipa na viatu.

Wafanyabiashara wa pwani wameishi hivyo karne na karne: kununua kitu pale ambapo hakina maana na kukipeleka pale kinapotafutwa. Mimi niligundua hilo baina ya uwanja wa shule na duka la vifaa vya watoto, nikiwa nimevaa koti kubwa lililonunuliwa ili nilikulie. Kila wiki nilibeba kadi za msaada kwenda ligini na kurudi na za kung'aa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa karani. Aliandika kwenye daftari la mraba kila kilichoingia na kutoka, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Charizard alikuwa mkononi mwa mvulana wa darasa la saba. Kona moja ya kadi yake ilikuwa imekunjika na weupe wa karatasi kuonekana, kwa sababu kwa miezi aliibeba mfuko wa nyuma wa suruali. Tulimwendea wengi, akatufukuza wote. Dirisha lilifunguka Februari 2000, na lililolifungua halikuwa ujanja wangu. Ilikuwa imetangazwa kwamba kadi za mwanzo zitachapishwa upya katika mfululizo mpya, Base Set 2, na Charizard alikuwemo. Uani habari ilifika ikiwa imeshatiwa chumvi: Charizard watamwagika, kila mtoto atapata, thamani imekwisha. Wenye nayo waliingiwa na baridi.

Yeye alitaka Dragonite. Alitaka na Gengar, naye nilikuwa naye kutoka ligini. Nilifungua faili langu mbele yake kwenye ukurasa wa viumbe wa majini na kumuuliza kuhusu Blastoise wake. Akanijibu kwa ufupi, macho yakiwa ukurasa wa pili.

"Huyo Dragonite unamtoa?"

"Huyu? Huyu sijui."

Nikanyamaza. Kengele ilikuwa karibu kulia na yeye alijua.

"Dragonite na Gengar," akasema, "kwa Charizard."

"Kona imekunjika."

"Haionekani ukiweka ndani ya plastiki."

"Mimi nimeiona."

Nikafunga faili, nikainuka, nikaanza kwenda, polepole. Aliniita kabla sijafika kwenye mlingoti wa kikapu. Tulikubaliana Dragonite na Gengar kwa Charizard pamoja na nyongeza ya kadi za msaada zote alizokuwa nazo, ambazo aliziokota kutoka chini ya begi kama mtu anayetoa takataka. Zilinirudishia Dragonite mwingine kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wangu alitaka tumpeleke Charizard vitani. Tukamtengenezea seti nzima ya moto, Charmander wanne, Charmeleon watatu, na tukaingia ligini vifua mbele. Tulipigwa vibaya, na kipigo hicho kilinifundisha kuisoma kadi upya. Charizard hawezi kushuka mezani moja kwa moja. Anaanza akiwa Charmander mwenye uhai 50, anakua kuwa Charmeleon, kisha ndipo anakuwa yeye. Akishafika anadai kadi nne za nishati, nayo kanuni inakuruhusu kuweka moja tu kila zamu. Akipiga, analazimika kutupa mbili kati ya hizo, basi pigo lake kubwa linamlia mwenyewe. Wakati wewe unamlea, mwenzako ameshamtuma Hitmonchan, bondia anayehitaji nishati moja tu kuondoa uhai 20, kuanzia zamu ya kwanza. Ngumi tatu, Charmander chali.

Kichekesho ni kwamba Charizard mwenyewe ana kinga dhidi ya viumbe wa ngumi: wanapompiga hupunguziwa 30, kwa hiyo ile ngumi ya 20 haimgusi kabisa. Angefika angemdharau Hitmonchan. Hakufika. Na siku aliyofika, mpinzani alitoa kadi ya kuondoa nishati, tena mojawapo ya zile nilizomuuzia mimi, akamvua. Udhaifu wake ni maji, na pigo la maji kwake huhesabiwa mara mbili. Blastoise alimmaliza kwa zamu mbili huku mdogo wangu akishika kichwa. Wachezaji wazoefu pale hawakumtia Charizard kwenye seti zao. Walimweka kwenye faili.

Hapo nilielewa kwamba bei ya kadi ile haikutoka kwenye nguvu zake. Ilitoka kwetu, kwa idadi ya watoto waliotaka kuishika na uchache wa walioweza. Hata Base Set 2 ilipofika, bei ya ile ya kwanza haikuporomoka kama ilivyotabiriwa, maana watoto walianza mara moja kutenga "ya zamani" na "ya juzi" kwa kutazama namba: ya kwanza ilisomeka 4/102, mpya 4/130. Hakuna mtu mzima aliyetuambia tufanye hivyo.

Soko likavutia na matapeli. Mchuuzi mmoja wa barabarani alikuwa akiuza Charizard kwa dola mbili, wamejaa sanduku zima. Msichana wa Kimisri alinunua mmoja kwa siri na kumleta kwangu tumkague. Rangi ilikuwa imekwajuka, herufi nene, na nyuma buluu yake ilielekea zambarau. Njia ya uhakika ilikuwa kuichana kadi. Kadi halali ina tabaka jeusi katikati, jembamba kama uzi, lililowekwa ili mwanga usipenye. Ukichana unaliona kwenye ukingo. Ya kwake ilikuwa nyeupe mpaka ndani. Tangu siku hiyo alitembea na tochi ndogo ya funguo, na kabla ya kubadilishana na mgeni aliimulika kadi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, anarudisha bila neno.

Marufuku ilikuja majira ya kuchipua. Barua ilitumwa nyumbani: kadi zisionekane tena shuleni, zinaleta ugomvi na zinawapotezea watoto masomo. Shule nyingi Marekani zilikuwa zimeshafanya hivyo. Ugomvi ulikuwepo, sikatai. Watoto wadogo walinyang'anywa na wengine walijuta jioni na kuja asubuhi na mama zao. Sokoni kwetu tulikuwa tumeshaweka kanuni kwa ajili hiyo: mtoto wa darasa la pili kushuka chini habadilishani bila kaka au dada, na mkishapeana mikono mbele ya shahidi hakuna kurudisha. Marufuku haikuua soko, ililihamisha. Tulijipanga kwenye ngazi za jengo lililo mkabala na kituo cha basi, na kwa kuwa hapakuwa na mwalimu, kanuni zikalegea. Wakubwa wakatawala.

Machi 2001 mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, alipiga simu. Saudi Arabia ilikuwa imeipiga marufuku Pokémon nchi nzima. Mashekhe wakubwa walitoa fatwa wakisema, pamoja na mengine, kwamba kadi zake ni aina ya kamari. Mjomba alitaka kujua kama watoto wa dada yake wanazo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukikoroga uji.

"Kaka yangu, hawa hawanunui pakiti. Wanauziana wanachokiona. Na huyu mkubwa anaomba nyongeza."

Nilisikia mjomba akicheka kutoka Jeddah. Mama hakucheka. Alipoweka simu alinigeukia: "Lakini kama ningekuruhusu zile pakiti, leo ningekosa jibu."

Wakati huo kadi zilikuwa zinaelekea kuisha nguvu zenyewe. Watoto walihamia vitu vingine, ligi ikapungua watu, na mwaka 2003 Wizards of the Coast wakaacha kuzitoa, kazi ikachukuliwa na kampuni ya Pokémon yenyewe. Faili langu likakaa kabatini, na baadaye mdogo wangu akaenda zake jeshini na daftari lake la mraba.

Aliyeamsha mambo ni janga la korona. Mwaka 2020 watu waliofungiwa majumbani, waliokuwa watoto mwaka 1999 na sasa wana mishahara, walirudi kuzitafuta. Oktoba mwaka huo mwanamuziki Logic alinunua Charizard wa toleo la kwanza, yaani wa chapa ya mwanzo kabisa ya mfululizo ule, kwa zaidi ya dola 220,000. Juni 2021 nyota wa YouTube Logan Paul aliingia ulingoni kupigana na bondia Floyd Mayweather akiwa amevaa mwingine shingoni kama kidani. Machi 2022 mmoja aliuzwa kwa dola 420,000. Hao wote wamepimwa na kampuni za kukadiria hali ya kadi, wakapewa alama, 10 ikiwa ya juu, na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu ambayo ukiifungua alama inapotea. Kadi isiyoweza kushikwa ndiyo ghali kupita zote.

Pakiti nazo zikarudi kwa kishindo. Watu walianza kuzifungua mbele ya kamera, maelfu wakitazama, wengine wakilipa ili pakiti yao ifunguliwe na mtu mwingine, mbali, kwa niaba yao. Mei 2021 maduka ya Target yaliacha kwa muda kuuza kadi ndani ya maduka yao baada ya ugomvi wa kadi kuzuka kwenye maegesho ya duka moja Wisconsin na mtu kutoa bastola. Nilimwonyesha Mama habari hiyo kwenye simu. Akasema samaki bado yumo majini, bei tu ndiyo imepanda.

Mwaka huohuo wa 2021 nilimpeleka Charizard wangu kwa muuza kadi wa New Jersey, kijana aliyezaliwa baada ya soko letu kufa. Si wa toleo la kwanza, kona yake ni ileile. Alimmulika, akampima kwa lenzi, akatazama simu.

"Dola 150."

Nikauliza bei ya Venusaur aliyekuwa kwenye kioo. Akanijibu. Nikanyamaza. Akasema 170. Nikamrudisha Charizard kwenye bahasha, nikageuka, nikaenda polepole. Tuliafikiana 210, kisha nikanyoosha mkono kuomba nyongeza. Hakuelewa. Nilipomweleza aliinama chini ya kaunta akatoa boksi la kadi za mchanganyiko zisizo na plastiki, akasema nichague konzi moja. Sikuuza kwa dhiki wala sikulia. Kadi ile ilikuwa imeshafanya kazi yake, na konzi niliyochota ilikuwa na wateja wanaoisubiri.

Hao ni mwanangu na watoto wa mdogo wangu. Wanajua kanuni ya nyumba na wanailalamikia kila tukipita mbele ya rafu za pakiti: kadi moja moja, inayoonekana, ndiyo, pakiti, hapana. Wazazi wenzangu hunishangaa kidogo, kwamba namkatia mtoto raha ya kufungua. Raha ipo, siikatai. Lakini anayefungua pakiti hajifunzi chochote ila kufungua nyingine. Wangu wamejifunza kusoma kadi, kuuliza bei ya jirani yake, kuvumilia kimya na kuachana na kitu wanachokipenda kwa kukitaka kingine zaidi. Juzi mkubwa wao alirudi kutoka shuleni na Charizard, mmoja wa hawa wapya wanaochapishwa kila mwaka. Nilimuuliza ametoa nini. Akanitajia, nikaona ametoa sawasawa, ila hakuomba nyongeza. Nikamwambia kesho arudi akaidai.